Futa Jedwali, Kimbia Polepole

Hapa kwa kawaida tunaongea habari za programu, hifadhidata na seva zinazoanguka usiku wa manane. Leo nataka tuongee kuhusu mbio. Msiondoke kwanza, kwa sababu ndani ya hadithi hii kuna msimbo, na ndani ya msimbo kuna kosa, na aliyelifanya kosa hilo ni mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 tulikuwa watu kumi na watatu ofisini tulioamua kukimbia. Sisi ni watu wa kukaa. Kutwa nzima tuko mbele ya tarakilishi, saa nne chai na mandazi, jioni matatu hadi nyumbani, na nyumbani tena ni kochi na rununu. Basi tukawa tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika msitu wa Karura (ule ambao Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akiutetea usinyakuliwe), tunakimbia kidogo, tunatembea kidogo, tunapiga domo sana. Viatu vingi vilikuwa vya mitumba kutoka Toi. Hakuna aliyejua mwenzake anakwenda kasi gani, na hakuna aliyeuliza.

Mimi sikuweza kuiacha hali hiyo ilivyo. Mtu wa programu akiona kitu kinatembea vizuri bila yeye, hukosa usingizi. Wengi wetu tulikuwa na saa au rununu zinazorekodi mbio kwa GPS, kwa hiyo nikaandika programu ndogo ya Python. Kila Jumatatu asubuhi ilikusanya mbio za kila mtu za wiki nzima, ikapiga hesabu ya mwendo wa wastani, yaani dakika kwa kila kilomita, kisha ikatuma jedwali kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Wa kwanza aliwekewa picha ya taji. Wa mwisho aliwekewa picha ya kobe.

Kusema kweli nilijiona stadi. Wiki tatu za kwanza kila mtu alichangamka, na mkubwa wetu mmoja akasema hicho ndicho tulichokuwa tukikosa: motisha.

Halafu mambo yakaanza. Mmoja akagundua kwamba akiisimamisha saa wakati wa kupanda mlima na kuiwasha tena akifika juu, wastani wake unakuwa mzuri. Mwingine akaacha kabisa kukimbia mbali. Alikuwa anakimbia kilomita mbili kama aliyeibiwa simu, anarudi nyumbani, basi, wiki yake imeisha na jina lake liko juu. Kuna Jumatatu moja jedwali lilionyesha kilomita 8 kwa mwendo wa dakika 3 na sekunde 10. Mwenye mbio hizo anaishi mahali penye boda boda nyingi, na hadi leo hajatueleza.

Hayo ya kucheka tuyaache. Kulikuwa na dada mmoja wa idara ya uhasibu. Kabla ya jedwali hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa anatembea milimani na kukimbia mahali tambarare, na yeye ndiye aliyekuja na chupa ya ziada ya maji kwa ajili ya wazembe kama mimi. Alipata kobe wiki tano mfululizo. Wiki ya sita hakuja, na mimi sikumuuliza kwa nini. Kijana mwingine, aliyekuwa akipigania taji na mwenzake, alikimbia kwa nguvu zake zote siku tano kwa wiki, miezi miwili, hadi mfupa wa muundi ukapata ufa mwembamba. Daktari alimkataza kukimbia kwa wiki nane. Kufikia Desemba tulikuwa wanne.

Na mimi mwenye jedwali? Nilikuwa wa tatu. Oktoba mwaka huo nilikimbia kilomita 10 katika mbio za kweli, kwa dakika 58 na sekunde 40. Kabla ya jedwali kuzaliwa nilikuwa nimezikimbia kwa 58 na sekunde 28. Miezi kadhaa ya kujitesa, grafu inapanda kila Jumatatu, na mwili umerudi nyuma sekunde kumi na mbili!

Sasa niseme nilichokuja kusema. Hizi programu za mbio tunazozipakua, na majedwali yake, na taji zake, na kengele zake za kukukumbusha kwamba jana hukukimbia, zinatufunza jambo ambalo ni kinyume cha yale yanayomfanya mtu awe na kasi. Zinatufundisha kwamba kila siku ni siku ya mashindano. Na sisi tunaoziandika ndio tunaofaa kulaumiwa kwanza, kwa sababu tulichagua kupima kilichokuwa rahisi kupima.

Wenye kusoma uchumi watalikumbuka jina la Charles Goodhart. Huyu ni mwanauchumi Mwingereza aliyeandika mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo kikishageuzwa kuwa chombo cha kuwadhibiti watu, uhusiano uliokifanya kiwe kipimo kizuri huvunjika. Yeye hakuwa anawaza Karura, lakini jedwali langu lilimthibitisha kwa wiki tatu tu. Mwendo wa wastani ulikuwa na maana pale ambapo hakuna aliyeutazama.

Hebu pia tuiangalie hiyo namba yenyewe. Mtu anayekimbia kilomita kwa dakika 6 anakwenda kama mita 2.8 kwa sekunde. GPS ikikosea nafasi yake kwa mita moja tu ndani ya sekunde moja, kosa dogo kabisa, mwendo utasomeka kana kwamba ni dakika 4 na sekunde 25. Ndiyo maana saa hulazimika kulainisha namba kabla ya kukuonyesha. Chini ya miti mirefu, au katikati ya maghorofa ya mjini, kosa huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo mnapogombana kwa sababu ya sekunde tatu kwenye kilomita moja ya msituni, mnagombania majani ya miti.

Mapigo ya moyo nayo? Saa ya mkononi humulika taa ya kijani kwenye ngozi na kusoma mabadiliko ya damu. Ukiivaa ikiwa imelegea, wakati mwingine hushika mdundo wa hatua zako na kukuambia ndio moyo. Halafu kuna ile hesabu ya kutoa umri wako kwenye 220 ili kujua upeo wa mapigo. Ilienea tangu mwanzo wa miaka ya 1970, na kwa mtu mmoja mmoja inaweza kupotoka kwa mapigo kumi au zaidi, juu au chini. Watu wawili wenye miaka 35 wanapewa kikomo kimoja kama kwamba walizaliwa kiwandani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiambiwa niko eneo jekundu huku nikiimba.

Najua jibu lenu. Mtasema: wewe ni mvivu, umeshindwa, sasa unatafuta falsafa. Mtasema tuko Kenya, nchi ya mabingwa, na mabingwa hawajikokoti.

Hapo ndipo hasira zangu zinapoanza. Mabingwa hujikokota! Nenda Iten au Kaptagat, huko juu kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, usimame kando ya barabara ya vumbi alfajiri siku ambayo ratiba inasema mbio nyepesi. Utaona watu wanaoanza kwa mwendo ambao hata wewe wa Ruaka ungewafuata, wanapiga soga, viwiko vimelegea. Kelvin Kiptum alipokimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mnamo Oktoba 2023, miezi minne kabla ya ile ajali iliyomchukua, alikuwa anatumia kama dakika 2 na sekunde 51 kwa kila kilomita. Eliud Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, katika zile 1:59:40, alitumia kama 2:50. Watu wa daraja hilo wakiwa katika mbio zao nyepesi huenda kwa zaidi ya dakika 4 kwa kilomita, na mwanzoni hata polepole zaidi.

Piga hesabu ya uwiano huo. Mtu wetu wa ofisini anayemaliza marathoni kwa saa nne na robo anakwenda kama dakika 6 kwa kilomita. Akiiga uwiano wa mabingwa, mbio zake nyepesi zingekuwa dakika 8 na nusu kwa kilomita. Huo ni mwendo wa kwenda sokoni! Sisemi ufike huko. Nasema tu kwamba kati ya mabingwa na sisi, sisi ndio tunaokimbia kwa haraka mno, na hatuna hata medali ya kuonyesha.

Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norwei, amechunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa mbio ndefu, wapiga makasia na watelezaji theluji, akakuta kwamba takriban vipindi vinane kati ya kumi vya mazoezi yao ni vya kazi nyepesi. Vipindi viwili vilivyobaki ndivyo vya moto. Sisi wa jedwali tulikuwa tunafanya nini? Kila siku tulikuwa katikati: wazito mno kwa kupumzika, na wepesi mno kwa kujifunza kasi.

Na sababu zake zinaeleweka. Unapokimbia kwa mwendo ambao unaweza kusimulia hadithi bila kukatika pumzi, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, vimishipa vidogo huongezeka kuzunguka misuli, na ndani ya seli za misuli huongezeka mitokondria, vile vinu vinavyogeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Mambo hayo yanataka muda mwingi, na muda mwingi utaupata tu kama kesho utaweza kurudi. Isitoshe, mapafu na moyo huimarika kwa wiki, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Kijana wetu wa muundi alikuwa na mapafu ya Oktoba juu ya mifupa ya Machi. Hakuna programu iliyomwonya. Zote zilikuwa zinampigia makofi.

Kuna maneno mengine yananichosha, yale ya damu. Ukisema unakimbia, mtu wa nje anadhani lazima utakuwa na kasi kwa sababu wewe ni Mkenya, na Mkenya mwenzako anakuuliza kama una ukoo na watu wa Bonde la Ufa. Maneno haya yanavunja moyo pande zote mbili. Anayetoka Machakos au Busia anaambiwa asijisumbue. Anayetoka Nandi anaambiwa hakutoa jasho, alizaliwa tu. Kipchoge amefundishwa miaka na miaka na Patrick Sang, ambaye mwenyewe alileta medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kutoka Barcelona mwaka 1992, na amesimulia mara nyingi jinsi anavyoandika mazoezi yake kwenye daftari. Daftari la karatasi, jamani. Kama ni damu tu, angeandika nini?

Kuhusu viatu nitapita haraka. Vile vya soli nene zenye bamba la kaboni, vilivyoanza kuuzwa mwaka 2017, vinasaidia kweli, hadi shirikisho la riadha duniani likaweka mpaka wa unene wa milimita 40 kwa mbio za barabarani mwaka 2020. Lakini kama unakimbia mara moja kwa wiki mbili, hiyo pesa ya viatu lipa kodi ya nyumba.

Basi mimi nilifanya nini? Januari 2023 niliacha kulituma jedwali. Sikutangaza, nililizima tu, na mtu wa kwanza kuuliza aliuliza baada ya wiki tatu. Nikaanza kukimbia mara nne kwa wiki, tatu kati ya hizo polepole hadi aibu. Nasema aibu kwa sababu ndicho kikwazo halisi. Mama mmoja aliyebeba mboga pale karibu na barabara ya Limuru alinipita nikiwa nakimbia, akanigeukia na kuniambia pole. Ukiweza kuvumilia hilo, umevuka nusu ya safari. Niliiweka saa mfukoni. Nikishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, napunguza. Kipimo hicho hakihitaji betri.

Siku ya nne ndiyo ya kasi. Kule Iten kuna kawaida maarufu ya Alhamisi: kundi kubwa linakimbia pamoja, dakika moja ya nguvu, dakika moja ya kupumua, wanarudia mara nyingi. Mimi naiga kwa kipimo cha mtu wa mandazi. Dakika 15 za kupasha mwili moto, kisha dakika moja haraka na moja polepole mara kumi, kisha narudi nyumbani. Haraka hapa haina maana ya kufa. Mara ya kumi inafaa ifanane na ya kwanza. Mara moja moja, mwisho wa mbio nyepesi, naongeza michomoko minne ya sekunde ishirini ili miguu isisahau kazi yake.

Wala sikuacha takwimu. Mimi bado ni mtu wa takwimu, na anayesema namba zote ni mbaya naye namkataa. Nilibadilisha swali tu. Nina mzunguko mmoja wa kilomita 8, na Jumapili ya kwanza ya kila mwezi naukimbia kwa mwendo wa kuzungumza, bila kutazama saa hadi nimalize. Namlinganisha mimi wa mwezi huu na mimi wa mwezi uliopita, juhudi ile ile, njia ile ile. Februari 2023 nilitumia dakika 64. Aprili 65, kulikuwa na tope. Juni 61. Oktoba 57. Sikuwa nimeongeza nguvu hata kidogo. Ni mwili ulioongeza. Oktoba hiyo hiyo nilirudi kwenye kilomita 10 na kumaliza kwa dakika 52 na sekunde 12.

Tazameni ile Aprili. Kwa jedwali langu la zamani, Aprili ingekuwa mwezi wa kobe, na pengine ningeacha. Mwili haupandi kama grafu ya mauzo. Hukaa pale pale wiki sita, unadhani umekufa, kisha siku moja unagundua kwamba ule mlima umeupita ukiwa unasimulia habari za mechi. Programu inayokudai maendeleo kila Jumatatu haiwezi kuelewa wiki hizo sita. Na zile za kuhesabu siku mfululizo ni mbaya zaidi: mtu ana homa, anakimbia ili hesabu isirudi sifuri, anaugua wiki mbili, na hesabu inarudi sifuri vilevile.

Mnaoandika programu hizi, nawaomba jambo moja dogo. Mnajua tayari ni mbio ngapi za mtumiaji zilikuwa nyepesi kweli. Takwimu mnazo. Mpeni taji kwa hizo. Mkiogopa kwamba atachoka na kuiacha programu yenu, basi semeni wazi kwamba mnachojali ni yeye kuifungua programu, si yeye kukimbia.

Mwaka jana nilimtafuta yule dada wa uhasibu, sasa yuko kampuni nyingine. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya kobe. Alicheka, akasema katika hadithi alizosimuliwa na nyanya yake kobe ndiye mwerevu, na kwamba alishangaa mimi kuitumia picha hiyo kama tusi. Halafu hakucheka tena. Akaniambia zile Jumamosi zilikuwa saa mbili pekee za wiki ambazo hakuna mtu aliyekuwa akimpima, na nilizichukua. Nilimkaribisha arudi. Akakataa kwa upole. Anakimbia na majirani zake sasa, wanawake watano, alfajiri, na hakuna mwenye saa.

Msimbo wa jedwali nimeufuta kwenye seva pamoja na nakala zake. Ule wa mzunguko wa kila mwezi bado ninao, ni mistari kama arobaini, unasoma faili moja na kuandika namba moja. Anayeutaka aniandikie nimtumie. Picha ya kobe haimo.